Doa kwenye Jezi Namba Tano

Jumanne asubuhi niliingia chumba cha jezi na kitambaa changu cha vumbi, nikatupa jicho kwenye kabati la kioo, nikajua kuna mkono wa mtu umepita pale. Hakuna kilichovunjika wala kilichoibwa. Mpira wa fainali ulikuwa kwenye pete yake, medali zimejipanga, viatu vimejazwa karatasi nyeupe visijikunje, na jezi namba tano imelala mgongo juu kama ilivyolala miaka thelathini na moja. Lakini lile doa la damu kwenye kiwiko cha kulia lilikuwa limepauka.

Mtu mwingine asingeliona. Mimi nilifua jezi za timu kwa miaka ishirini na miwili, na madoa nayajua kama wengine wanavyozijua sura za watu. Tope la golini si sawa na tope la pembeni ya uwanja. Doa la nyasi lina ukaidi wake. Na damu, hiyo ndiyo niliyoiheshimu kuliko yote. Ya kwenye jezi namba tano, kwa makusudi sikuifua. Ndiyo jezi pekee iliyopita mikononi mwangu ikitoka uwanjani na haikuona maji, kwa sababu ni ya mume wangu, beki waliyemwita Ukuta, na ndiyo aliyoivaa siku tuliyochukua kombe.

Chumba chenyewe nilikitengeneza mimi. Pazia ni zito na halifunguliwi, maana jua linakula rangi. Kila kona ya kabati ina kipakiti cha kunyonya unyevu, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya. Majirani wote wananiwekea. Vidonge vya kufukuza nondo vipo, lakini vimefungwa kwenye kitambaa visiguse nguo. Jezi haitundikwi, kwa sababu ikitundikwa mabega yanalegea. Inalazwa juu ya shuka nyeupe ya pamba. Kufuli lina funguo mbili. Mmoja nauvaa shingoni, wa pili unaning'inia jikoni nyuma ya kalenda, kwa dharura, na kila mtu ndani ya nyumba anajua uko pale.

Wageni nawatembeza mimi. Nikifika kwenye doa nashusha sauti: "Hii ni damu ya Ukuta. Alichanika hapa, kwenye nyusi, kovu analo mpaka leo, akakataa kutoka uwanjani." Wageni hushika vifua. Mume wangu ikifika hapo huwa anakwenda jikoni kuangalia chai. Ni mtu asiyependa sifa.

Na ilikuwa wiki mbaya sana ya kufanyiwa mchezo ule. Siku kumi kabla, wasimamizi wa uwanja mkuu walikuwa wametuandikia barua. Wanafungua ukumbi wa kumbukumbu, wanaiomba jezi, na mhifadhi wao angekuja kuichukua Jumamosi. Nilimsomea mume wangu barua mara mbili, pamoja na orodha ya wachezaji wa pande zote mbili walioalikwa kwenye ufunguzi. Alisema "Sawa," akaomba maji ya kunywa.

Ndani ya nyumba tulikuwa wanne. Mimi na mume wangu. Mwanangu wa pekee, fundi umeme wa hospitali, anayetoka asubuhi na kurudi jioni. Na mkwe wangu, mke wake, mwenye mimba ya miezi saba. Mjukuu wangu wa kwanza huyo, na nilikuwa nimeshaanza kuhesabu wiki. Sasa, mwezi uliopita mkwe alisimama kwenye mlango wa chumba cha jezi, mkono kiunoni, akasema kwa sauti tamu, "Mama, hiki chumba kimetulia kweli. Mtoto angelala vizuri humu." Nikamwambia hata sebuleni kumetulia. Akacheka. Mimi sikucheka.

Kwa hiyo Jumanne ile machale yaliponicheza, yalinicheza upande mmoja tu.

Hata hivyo mimi ni mtu wa haki. Nilianza na fundi wa vioo, aliyebadilisha mlango wa kabati wiki tatu nyuma. Nilimpigia simu aje kuangalia bawaba. Akaja, akaziangalia, akazikuta nzima.

"Mama, shida iko wapi?"

"Nilitaka tu kujua, siku ile ulipokuwa unafanya kazi, ulishika nini."

"Nilishika kioo."

"Na jezi je?"

"Mama, ulisimama nyuma yangu saa tatu nzima. Hata nilipopiga chafya uliniambia nigeukie ukutani."

Ilikuwa kweli. Nilimpa chai, akainywa amesimama, akaaga kabla kikombe hakijapoa. Nikabaki na mtuhumiwa mmoja.

Jumatano, kabla ya chakula cha mchana, nilifunga uzi mweusi mwembamba kutoka kwenye kishikio cha kabati hadi kwenye kufuli. Mimi nikishakula mchana hulala saa moja na nusu, na nikilala hapo hata nyumba ikianguka sishtuki. Nilipoamka nikaenda moja kwa moja chumbani. Uzi ulikuwa umekatika. Doa lilikuwa limepauka zaidi ya jana, na nilipopitisha kidole kwenye mkono wa jezi nikausikia baridi. Ulikuwa na unyevunyevu.

Nikaingia jikoni kutafuta beseni lenye maji, nisilikute. Nilichokikuta ni kopo la chumvi. Nililijaza Jumatatu kwa mkono wangu, na sasa limebaki nusu. Mkwe alikuwa amekatazwa chumvi na daktari kwa sababu miguu inamvimba. Kumbe, nikajiambia, huyu mtu mambo yake yote ni ya kisirisiri: chumvi anailamba tukilala, na chumba anakitaka kwa mlango wa nyuma. Doa likiisha, jezi inabaki nguo kuukuu tu. Mhifadhi ataikataa, mimi nitakata tamaa, kabati litatoka, kitanda cha mtoto kitaingia. Mpango ulikaa vizuri kichwani mwangu hata nikajipongeza kwa kuugundua.

Jioni, mkwe alipokuwa anaoga, niliingia chumbani kwao. Sijivunii. Nilipekua kabati lao, nikafungua hata begi aliloandaa la kwenda kujifungulia, nikitafuta sabuni ya madoa. Hakukuwa na kitu isipokuwa nguo za mtoto, ndogo mno, na nilizishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Alhamisi, tukiwa mezani kwa chakula cha jioni, nilishindwa kuvumilia.

"Kuna mtu anaifua jezi," nikasema.

Mwanangu aliacha kutafuna. "Jezi gani?"

"Kwani ziko ngapi?"

Mume wangu alitazama sahani yake. Mkwe aliweka kijiko chini taratibu. "Mama, unamaanisha mimi?"

"Nimemtaja mtu?"

"Unanitazama tangu Jumanne. Jana umefungua begi langu la hospitali."

"Nani kasema?"

"Nguo za mtoto nilizitia ovyo ovyo. Nimezikuta zimekunjwa, kola juu, mikono nyuma, zimenyooka utafikiri zimetoka dukani. Nani mwingine humu ndani anakunja hivyo?"

Hapo nilishikwa. Miaka ishirini na miwili, mikono yangu haijui kuiacha nguo ikiwa imefinyangwa. Nimepekua begi la watu kisha nikalipanga, nikaacha sahihi yangu humo. Lakini mtu mwenye hasira akishikwa ndipo anapopandisha sauti, na mimi nilipandisha.

"Kama huna la kuficha, mbona unakasirika?"

"Mama, mimi nafua kwa mashine. Kila kitu, maji ya moto, nusu saa, naanika. Hiyo jezi ningeigusa mimi, sasa hivi ingekuwa inamtosha mtoto."

Mwanangu alitaka kucheka, nikamkata jicho.

"Basi ni nani?" nikauliza. "Ni baba yako, ambaye magoti hayamruhusu hata kufunga kamba za viatu? Ni mumeo, ambaye yuko kazini kutwa? Nani humu ndani anakitolea macho kile chumba?"

Kisha mume wangu akasema, bila kuinua uso, "Muache mtoto wa watu."

Mkwe alishika ukingo wa meza, akainuka. Hakulia, na hilo nalo nilimhesabia. "Mama, chumba nilikuomba kwa mdomo wangu, mchana kweupe, umesimama mbele yangu. Ulikataa, nikacheka, yakaisha. Mimi nitakwenda kwa dada yangu. Siwezi kukaa na mimba hii ndani ya nyumba ambayo nawekewa mitego."

Ijumaa asubuhi mwanangu alimbebea mabegi. Alikuwa amevaa nguo za kazini na begi lake mwenyewe likiwa begani. "Na mimi nitakuwa huko, Mama," alisema, halafu akafunga mlango polepole, kama mtu anayemwacha mgonjwa amelala. Ningependa kusema nililia. Sikulia. Nilikwenda kuangalia kabati.

Nilivaa glavu zangu za pamba, nikaitoa jezi, nikaitandaza mezani chini ya dirisha. Kisha nikavuta pazia ambalo mimi mwenyewe nilikataza lisivutwe, maana nilitaka mwanga. Nilikuwa nimekwisha kumfukuza mtu kwa ajili ya lile doa. Sasa nilitaka ushahidi ambao mwanangu akirudi nitauweka mbele yake. Nikaikagua jezi kama nilivyokuwa nikizikagua zote kila Jumatatu, moja baada ya nyingine, kabla hazijaingia majini.

Tope la mgongoni lilikuwa zima. Aliyefua hakuigusa jezi yote, alilenga doa peke yake. Nikaugeuza mkono ndani nje. Alisugua kwa upande wa ndani, ili kuirudisha damu ilikotokea isizame zaidi kwenye uzi. Alitumia maji baridi, kwa sababu maji ya moto yangeipika damu na doa lingeganda moja kwa moja. Na pale unyevu ulipokaukia palikuwa na mstari mweupe mwembamba. Niliugusa kwa ncha ya ulimi. Chumvi.

Nikavuta kiti nikakaa. Maji baridi, chumvi, kidole gumba, ndani kwenda nje, kidogo leo na kidogo kesho. Hiyo ni njia yangu. Mkwe wangu wa mashine na maji ya moto nusu saa asingeijua hata ndotoni. Maishani mwangu nimemfundisha mtu mmoja tu.

Kocha wetu wa zamani alikuwa na adhabu yake. Mchezaji akipewa kadi nyekundu, hakumzungusha uwanjani wala kumgombeza. Alimleta kwangu, chumba cha kufulia nyuma ya uwanja, afue na mimi wiki nzima. Wengine walinuna. Ukuta aliletwa mara tatu msimu mmoja, na mara ya tatu nilianza kushuku kwamba hizo kadi anazitafuta. Alijifunza vizuri, hasa damu. Tulioana miezi minne kabla ya fainali.

Niliutazama tena mkono wa jezi, na safari hii nikajiuliza swali ambalo hata mfuaji wa wiki moja angejiuliza. Mtu akichanika nyusi, damu inashuka kwenye kola na kifuani. Kola hii ilikuwa safi. Kifua kilikuwa na tope tu. Damu yote ilikuwa nje ya kiwiko, kwenye mfupa wenyewe.

Mume wangu alikuwa amekaa nyuma ya nyumba, ubavuni mwa karo la kufulia. Nilimtandazia jezi mapajani.

"Mzee, hii damu ni ya nani?"

Hakujifanya kushangaa. "Ya yule winga wao. Yule mwembamba."

"Ilifikaje hapa?"

"Ilikuwa kona. Refa alikuwa ametugeuzia mgongo. Yule kijana alikuwa amenipita mchana kutwa, watu wananicheka jukwaani. Nikamsubiri akaribie, nikampiga kiwiko cha jicho." Alisema polepole, kila neno akilitoa kwa shida. "Jicho halikupona. Hakucheza tena. Yumo kwenye ile orodha uliyonisomea."

"Na kovu lako la kwenye nyusi?"

"Kwani kovu hili nililipatia wapi?"

Nilifungua mdomo niseme fainali, nikashindwa. Nililijua jibu. Alilipata kwenye chumba cha kufulia, wiki ya adhabu yake ya pili, alipojigonga kwenye nguzo ya kamba ya kuanikia akiwa amebeba beseni la soksi. Mimi ndiye niliyemfunga kitambaa, huku nikicheka mpaka machozi. Miezi mingi kabla ya fainali.

"Mbona hukusema? Miaka yote hii nawasimulia watu!"

"Ulianza siku ya pili yake, mbele ya mama yangu. Uliiona damu, ukanishika uso, ukasema umeolewa na simba. Ulikuwa na furaha mno. Nikasema nitakuambia kesho." Alipitisha kidole juu ya kiwiko cha jezi. "Wiki ile nilitakiwa niletwe kwako nifue. Hakuna aliyenileta. Nikaona kabla yule winga hajaja kuikuta imetundikwa, na watu wanapiga picha, nijilete mwenyewe."

"Na jana mezani? Mkweo anaadhibiwa kwa ajili yako, wewe unatazama sahani?"

"Nilisema aachwe."

"Ulisema aachwe! Hukusema ni wewe!"

Hasira zilinipanda. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Lakini nilipokuwa nayasema nilikuwa nayasikia, na karibu yote yalinifaa na mimi. Nilifua jezi za watu miaka ishirini na miwili, naisoma nguo mpaka najua aliyeivaa alianguka upande gani, halafu hii moja sikutaka kuisoma.

Jumamosi mhifadhi alikuja, mwanamke mwenye sauti ya upole, na sanduku bapa lililotandikwa karatasi laini. Nilimfungulia chumba, na tulipofika kwenye doa nikasogea pembeni. Mume wangu hakwenda jikoni. Alisimama ameshika kabati, akamweleza yote, kona, kiwiko, jicho, na jinsi alivyokuwa anasugua mchana nikilala. Mhifadhi aliandika. Kisha akauliza, "Kwenye kadi ya maelezo, niandike hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Ila yule winga mpigie simu kwanza, kabla hamjaianika. Asije akakutana nayo pale bila kujua."

"Na doa? Wataalamu wetu wanaweza kulimalizia."

"Libakie lilivyo," alisema mume wangu, na akakaa chini kwa sababu magoti yalikuwa yamechoka.

Jumapili nilikwenda peke yangu kwa dada yake mkwe. Mume wangu alitaka kuja, nikamwambia zamu yake itafika, hii ni yangu. Mkwe alinifungulia mwenyewe, tumbo mbele, viatu mkononi kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Hakunikaribisha. Nilimweleza palepale mlangoni, sikuruka kitu, hata yale ya chumvi nilimwambia. Nikamwambia, "Nimekukosea, mwanangu. Nilikudhania mabaya, nikaingia chumbani kwako, nikakufedhehesha mbele ya mumeo. Naomba unisamehe."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nina swali moja, Mama. Siku ule uzi ulipokatika, mchana nyumbani tulikuwa watatu. Wewe ulikuwa umelala. Tulibaki mimi na Baba. Mimi ulinifuata mpaka kwenye begi la mtoto. Baba kwa nini hukumuuliza? Neno moja tu, 'Mzee, umeigusa jezi?'"

Ningeweza kusema magoti. Nilikuwa nimeshayatumia.

"Niliogopa angenijibu," nikasema.

Nyuma yake nilisikia sauti ya mwanangu akizungumza na mtu, halafu akanyamaza.

"Kwa hiyo jibu langu mimi halikukutisha," alisema mkwe. "Mimi nikiondoka hupotezi kitu."

"Niliona hivyo. Nilikosea."

"Mtoto nitamzalia hapa, Mama."

"Sawa."

Akageuka, akarudi ndani kwa hatua zake nzito, akauacha mlango wazi. Hakuniambia niingie wala niondoke. Nilivua viatu, nikavipanga pembeni ya mlango, nikasimama nikingoja kuambiwa.